Propela mpya au beringi tu? Mtihani wa dereva wa rali

UKITAKA kuanzisha ubishi kwenye gereji ya magari ya mbio, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, taja neno moja tu: propela. Kwa shabiki wa soka ni kama kuuliza timu isajili straika mpya au kiungo mkabaji. Kila mtu ana jibu lake, na hakuna jibu la bure.

Propela ni lile bomba refu linalopita chini ya gari, likitoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka difu ya nyuma. Kwenye Subaru Impreza, gari lisilokosekana kwenye rali za ukanda huu, propela ya kiwandani ni ya chuma, ina vipande viwili, na katikati imeshikwa na beringi. Kutoka kwenye difu, shafti mbili fupi ndizo zinazomalizia pasi ya mwisho kwenye matairi.

Sasa chukua dereva mwenye Impreza iliyoongezwa nguvu. Mkwanja wa msimu ni wa kuungaunga, wadhamini wanazungushana tu. Mbele yake kuna propela ya aluminiamu ya kipande kimoja, nyepesi na inang'aa. Mwenye fuko nono anaonyeshwa ya kaboni kabisa. Muuzaji anaapa kwamba gari litachomoka kama mshale. Ainunue?

Kwa spidi peke yake, faida ni kiduchu. Propela ni nyembamba, uzito wake uko karibu na pale inapozungukia. Kilo moja ukingoni mwa tairi inaisumbua injini kuliko kilo kadhaa kwenye propela. Mwenye shida ya uzito aanze na rimu.

Wakubwa nao wameshapita njia hiyo. Mwaka 2014 BMW ilitoa M3 na M4 zikiwa na propela ya kaboni ya kipande kimoja, nyepesi kwa asilimia 40 kuliko ya gari lililotangulia. Ilisifiwa kweli kweli. Mwaka 2017 kampuni ileile ikaanza kurudisha chuma, kwa sababu ilihitaji nafasi ya chujio la moshi chini ya gari. Magari hayo hayakugeuka bajaji kwa sababu ya hilo.

Halafu kuna suala la mawe. Chuma kikigongwa kinabonyea, na mara nyingi unafika. Kaboni ikipata ufa haina huruma, inaweza kusambaratika ikiwa inazunguka. Kwa barabara ya lami sawa, lakini kwa vumbi na mawe ya Naivasha ni kubeti.

Isitoshe, ukiimarisha sehemu moja, kipigo kinahamia kwa jirani. Giaboksi ya gia tano ya Impreza inajulikana kwa kutopenda fujo. Propela iliyokatika inauma, ila giaboksi iliyosagika inaua msimu.

Na mara nyingi kinachokatika ni zile shafti fupi, maana difu imeshazidisha nguvu ya kuzungusha kabla haijawafikia. Adui yao mkubwa ni gari kuruka tuta huku mguu umekandamiza mafuta: tairi linazunguka hewani, linatua, linashika ardhi ghafla. Paa! Dereva mjanja anaachia mafuta kabla ya kutua. Hiyo haiuzwi dukani.

Thierry Neuville anajua vizuri kitu kidogo kinavyoweza kukuliza. Safari Rally ya 2021, ile iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, aliianza siku ya mwisho akiongoza. Shokapu ya nyuma ikamsaliti, akatoka. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier.

Kuna wakati wa kununua, hilo halina ubishi. Kama nguvu ya injini imepanda mbali na ya kiwandani, klachi ni ya mbio na gari linaondoka kwa kishindo kila mara, propela imara inahitajika, na hapo kinachonunuliwa ni uimara. Lakini ajue kwamba kipande kimoja bila beringi ya katikati huleta mngurumo zaidi ndani ya gari.

Kabla ya kufika huko, gari linyanyuliwe. Fundi aishike propela kwa mikono na kuitikisa. Raba ya beringi imechanika? Zile jointi zenye umbo la msalaba zina mchezo? Buti za sivi jointi zinavuja grisi? Gari likitetemeka kwenye mwendo mkubwa, matairi yapimwe balansi kwanza, yasije yakaponza propela isiyo na kosa. Likigonga "kwa-kwa-kwa" kwenye kona, macho yaende kwenye sivi jointi.

Chenji ikibaki, anunue shafti fupi mbili za akiba azipakie kwenye gari la mafundi, na spana zake kabisa. Muda wa matengenezo kwenye rali unahesabiwa kwa dakika, na Gerezani au Kirinyaga Road hakuna atakayefika na kurudi.