Kiduha Shambani: Faida Iko Kwenye Mbegu, Si Kwenye Chupa

Mfanyabiashara anayenunua mtama na uwele katika barabara ya Dodoma hadi Babati, kupitia Kondoa na Kolo, hana budi kulifahamu gugu la kiduha. Gugu hilo hupunguza magunia kabla mnunuzi hajafika shambani.

Kiduha hunyonya mizizi ya mtama, uwele na mahindi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mizizi ya nafaka inapotoa kemikali zake, mbegu hizo huamka na kuishika. Maua ya kiduha yanapoonekana, hasara imekwisha kuingia.

Je, dawa ya mimea itasaidia? Huko Faisalabad, Pakistan, watafiti waliloweka mabua ya mtama kwa saa 24 na kunyunyizia maji yake kwenye ngano. Magugu yalipungua kwa takriban theluthi hadi nusu. Mabua hayo hata Kolo yapo. Tatizo ni kwamba kiduha huanza wizi wake chini ya ardhi, mahali ambapo maji ya kunyunyizia majani hayafiki.

Njia iliyofanikiwa zaidi ni kuuacha mmea utoe dawa wenyewe. Huko Mbita, Kenya, taasisi ya ICIPE ikishirikiana na Rothamsted ya Uingereza iligundua katika miaka ya 1990 kuwa desmodiamu, ikipandwa kati ya mistari ya nafaka, huiamsha mbegu ya kiduha kisha huizuia isishike mzizi. Mbegu hiyo hufa. Kilimo hicho huitwa sukuma-vuta.

Kwa Kondoa kuna faida ya pili. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na baadaye ufugaji wa ndani ukaingia. Desmodiamu ni malisho mazuri, hivyo inaweza kuuzwa hata mtama usipojaa. Ila mvua za Dodoma ni chache. Aina ya majani ya kijani huvumilia ukame kuliko ile ya majani ya fedha.

Asiyetaka kungoja malisho yakomae anaweza kuanza na mtama wa Hakika au Wahi, mbegu zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002 kwa kuhimili kiduha.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni hii: dawa ya chupa, hata ya mimea, yahitaji kusajiliwa na mamlaka ya viuatilifu (TPHPA) kabla ya kuuzwa. Mbegu yahitaji uthibitisho wa TOSCI, lakini mteja wake anajulikana na hurudi. Anayeletewa chupa ya "dawa ya kiduha" aulize namba ya usajili kwanza, ndipo atoe fedha.