Wanyama wa simu wanavyowanyima vijana wetu usingizi

UKIPITA jioni katika mtaa wa Buxton hapa Mombasa, kuanzia penye majumba mapya ya ghorofa hadi upande wa Tudor, utawakuta vijana wameketi barazani vichwa vimeinama. Hawachezi bao wala karata. Kila mmoja ameshika simu yake na kidole gumba hakitulii. Ukimwuliza mmoja wao anafanya nini, huenda akakujibu bila kuinua macho: "Niko kazini."

Kazi yenyewe ni kulea mnyama ambaye hayupo. Yumo ndani ya simu tu. Hulishwa, hufunzwa kupigana, hupandishwa ngazi, huzalishwa na hatimaye huuzwa. Mwenye mnyama hodari huahidiwa malipo ya sarafu za kidijitali, ambazo huweza kubadilishwa zikawa dola au shilingi.

Msomaji atauliza, jambo hili lahusu nini ukurasa wa afya? Lahusu sana. Wako vijana wanaofika kwa daktari wakilalamikia kichwa, macho mekundu, shingo iliyokakamaa na kukosa usingizi. Hupimwa malaria na haionekani. Hupewa dawa za maumivu na hawaponi. Wakiulizwa vizuri, huonekana kwamba chanzo cha maradhi kiko mfukoni mwao.

Michezo hii ilianzaje?

Kukusanya wanyama wa kubuni si jambo geni. Mchezo wa Pokémon ulitoka Japani mwaka 1996 na ukaenea duniani kote. Madaktari wanaukumbuka kwa sababu nyingine pia. Usiku wa Desemba 16, 1997, watoto wapatao 685 nchini Japani walikimbizwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha televisheni cha wanyama hao. Taa nyekundu na za buluu zilimetameta kwa kasi kwenye kioo, na baadhi ya watoto wakapata degedege. Tangu hapo ulimwengu ulijifunza kwamba picha ya kuchezea inaweza kumdhuru mtu ambaye hakuguswa hata kwa kidole.

Mwaka 2017 likaongezeka jambo jipya. Ulitoka mchezo wa paka uitwao CryptoKitties, ambamo kila paka ameandikwa katika daftari la kompyuta liitwalo blokcheni. Daftari hilo halikai mahali pamoja. Nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, na kila anayenunua au kuuza mnyama huandikwa humo, ikawa vigumu kwa mtu mmoja kufuta au kughushi. Hivyo mnyama wa picha akawa mali yenye mwenyewe, kama ng'ombe mwenye alama.

Mwaka 2018 kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam ilianzisha mchezo wa Axie Infinity. Mchezaji alihitaji wanyama watatu ili aingie vitani, na kila akishinda alipata tokeni za kuuza. Wakati wa janga la korona, watu wengi nchini Ufilipino waliopoteza kazi waliukimbilia mchezo huu. Asiyekuwa na fedha za kununua wanyama alikodishwa na tajiri wao, wakagawana mapato. Sisi wa Mombasa tutalielewa jambo hili upesi, kwani ndivyo mwenye tuktuk anavyompa dereva chombo na kungoja hesabu ya jioni.

Ni kweli wapo waliopata riziki, na si haki kulificha hilo. Lakini mwaka 2021 tokeni moja ilikaribia bei ya senti 40 za Marekani, na kabla ya mwaka 2022 kwisha ilikuwa haifiki hata senti 1. Maana yake ni kwamba tokeni 100 zilizokuwa karibu dola 40 zikawa hazifikii dola 1, ilhali saa za kucheza ni zile zile. Machi 2022 wezi walivunja mtambo wa kupitishia fedha za mchezo huo na kutoroka na mali ya zaidi ya dola milioni 600. Wapelelezi wa Marekani, FBI, walisema ni kazi ya kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Mwaka 2024 ukaja mchezo wa bure wa Hamster Kombat, unaochezwa ndani ya mtandao wa Telegram. Mchezaji aligonga picha ya mnyama mdogo wa jamii ya panya na kujikusanyia sarafu na kadi. Vijana wengi wa Afrika, na wetu wakiwamo, waligonga kwa miezi kadhaa wakisubiri siku ya malipo. Siku hiyo ilifika Septemba 26, 2024, na wengi walilalamika kwamba walichopata hakikulipa hata bando la intaneti walilotumia.

Mwili unavyoumia

Usingizi ndio huanza kuharibika. Katika mchezo huo wa Hamster Kombat, mapato ya mchezaji aliyeondoka yaliendelea kujazana kwa saa 3 tu, kisha yakasimama mpaka arudi. Aliyetaka asipoteze kitu ilimbidi aamke usiku wa manane zaidi ya mara moja, mithili ya mama anayenyonyesha. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Usingizi wa vipande vipande haupumzishi ubongo. Anayelala hivyo husahau, hukasirika upesi, hushindwa masomo, na akiwa dereva huhatarisha maisha ya wengine. Wengine hutafuna muguka au kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wakeshe. Moyo huenda mbio, hamu ya chakula hupotea, na usingizi unapotakiwa hauji.

Pili ni macho. Kwa kawaida mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Anapokazia macho kioo cha simu, idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu. Jicho hukauka, huwasha na kuwa jekundu, na mtu huona ukungu. Si trakoma, wala si jambo la kutilia dawa yoyote ya dukani.

Tatu ni shingo na mikono. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikiwa wima, mifupa hukibeba bila taabu. Kikiinamishwa, mzigo juu ya shingo huongezeka mara kadhaa, na misuli hukaza hadi maumivu yakapanda kisogoni. Kidole gumba kinachogonga mfululizo huweza kuvimba kano zake kwenye kifundo cha mkono, ikawa hata kufungua chupa au kumbeba mtoto ni shida.

Kwa nini hawezi kuacha?

Wazazi wengi husema, "Huyu ni mvivu tu." Mambo si mepesi hivyo. Ndani ya ubongo mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo hutusukuma kurudia jambo lililotupa tuzo. Tuzo inayokuja kwa kubahatisha, leo ipo na kesho haipo, humshika mtu kwa nguvu kuliko ile inayokuja kila mara. Ndivyo mvuvi anavyorudi kutupa ndoano ingawa amekosa mara tisa. Watengenezaji wa michezo wanalijua hilo vyema. Yai la mnyama likianguliwa, hujui utapata nani. Huenda akawa wa shilingi chache, huenda akawa wa maelfu.

Mchezo wa kawaida una mwisho: jua likitua mpira huwekwa kando. Huu wa malipo umevaa kanzu ya kazi, na kijana hujiona ana haki ya kukesha kwa sababu "anatafuta". Akishatia fedha zake, huona kuacha ni sawa na kuzitupa. Basi hutia nyingine ili aziokoe zile za kwanza.

Kisa cha mama na mwanawe

Nitatoa mfano, nikiwa nimebadilisha maelezo ili wahusika wasitambulike. Mama mmoja muuza mahamri alikuja akiwa na presha ya 190 kwa 110. Hapo awali ilikuwa imetulia.

"Mama, dawa unameza?" nilimwuliza.

"Nameza, daktari, lakini leo moja, kesho kutwa moja. Pesa hazitoshi."

"Biashara imeanguka?"

"Biashara yaenda. Ni huyu mwanangu, yuwafuga wanyama kwenye simu. Alichukua pesa zangu za chama, akasema mwisho wa mwezi atanirejeshea mara mbili. Sasa ni mwezi wa nane. Usiku halali, na nikimsemesha ananifokea. Hakuwa hivyo."

Kijana alipokuja, alikuwa amekonda na alikuwa akilala kama saa 3 kwa usiku. Alikuwa na madeni ya mikopo ya simu ambayo mama hakuyajua. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, nikiacha sasa nitamwambia nini mama?" Nilipomwuliza kama amewahi kufikiri kwamba afadhali asiwepo, alinyamaza, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo msomaji aone uzito wa jambo lenyewe. Mchezo wa mtu mmoja ulikuwa umepunguza nusu ya dawa za mwingine, na kuhatarisha maisha ya watu wawili katika nyumba moja. Kijana alipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, akaketi na mama yake, na madeni yote yakatajwa hadharani. Ilichukua miezi kadhaa. Fedha za chama hazikurudi. Lakini mama anameza dawa yake kila siku, na kijana analala.

Je, huu ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza tatizo la michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Si kila achezaye ni mgonjwa. Wanaofikia hatua hiyo ni wachache kati ya wachezaji wote. Daktari hutazama mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa miezi 12 hivi na kuharibu masomo, kazi au jamaa, ingawa ikiwa kali si lazima kungoja mwaka.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya sheria. Mwaka 2021 China iliwawekea watoto walio chini ya miaka 18 kikomo cha saa 1 tu siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini ilikuwa imewazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tangu mwaka 2011, lakini ikaamua mwaka 2021 kuifuta sheria hiyo. Hapa Kenya, sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2025 inawapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kusimamia wafanyabiashara wa sarafu za kidijitali. Hata hivyo, hakuna sheria itakayoingia chumbani kwa mwanao usiku wa manane. Hiyo ni kazi yako.

Dalili za kuangalia

Mtazame kijana wako kwa makini ukiona haya:

- Anaamka usiku kushika simu, na mchana anasinzia.
- Chakula, swala au ibada, masomo na marafiki vimewekwa kando.
- Anaghadhibika au kutetemeka akinyang'anywa simu.
- Anakopa, anauza vitu vya nyumbani au anadanganya kuhusu pesa.
- Anajitenga na kusema maneno ya kukata tamaa.

La kufanya

Kwanza, usivunje simu wala kumpiga. Atapata simu nyingine, na siri itazidi. Kaa naye, mwulize mchezo unavyokwenda, mhesabu pamoja kwa kalamu na karatasi: saa ngapi zimetumika, bando kiasi gani, fedha ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Mara nyingi hesabu hiyo husema yenyewe.

Pili, simu zote za nyumbani, na yako pia, zilale sebuleni kuanzia saa nne usiku. Atakayetaka kuamka alfajiri anunue saa ya kengele.

Tatu, kwa macho, kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20, na apepese kope. Simu iinuliwe ikaribie usawa wa uso. Mwenye kifafa aepuke michezo ya taa zinazometameta na amwulize daktari wake.

Nne, asitiwe mchezoni fedha za dawa, kodi, karo wala chama. Anayetaka kujaribu bahati atumie kile ambacho hata kikipotea atalala usingizi.

Tano, usimnunulie vidonge vya usingizi. Tiba inayosaidia ni ya mazungumzo na mtaalamu, ikimfunza mgonjwa kutambua kinachomvuta na kumpa shughuli nyingine mahali pake. Fika katika hospitali iliyo karibu nawe na uombe kuelekezwa kwenye kitengo cha afya ya akili. Kijana akitamka neno la kujidhuru, usingoje kesho. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure ya ushauri, 1199.

Vijana wetu wanatafuta kazi, na hilo si kosa. Lakini kazi inayomnyima mtu usingizi wake na mama yake dawa inamla mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo usiku, kabla hujalala, chungulia uone kama taa ya simu ingali inawaka chumbani kwa mwanao.