WhatsApp kwenye kompyuta: raha na karaha yake

Siku hizi ukiingia ofisi nyingi hapa Mwanza utakuta WhatsApp iko wazi kwenye kompyuta, pembeni ya hesabu za kazi. Mie mwenyewe naitumia kila siku: kuandika kwa kibodi ni mteremko, na mafaili huna haja ya kuyahamisha kwa waya.

Kuiweka si kazi. Pakua programu, kisha kwenye simu yako fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, elekeza kamera kwenye ule mchoro wa vimraba ulioko kwenye skrini. Basi! Ilipotoka mwaka 2016 ilitegemea simu iwe hewani muda wote. Sasa haihitaji, na akaunti inabeba hadi vifaa vinne zaidi ya simu.

Raha hiyo ndiyo yenye karaha. Mwenzi mwenye wivu akiishika simu yako dakika moja tu, na nywila anaijua, ataunganisha kompyuta yake na kusoma meseji zako akiwa Kirumba. Wewe uko Capri Point, hujui hili wala lile. Ichungulie orodha ile kila wiki. Kifaa usichokijua, kiondoe papo hapo. Kwenye kompyuta ya ofisi, toka kabisa kabla ya kuwahi kivuko cha Kamanga.

Na nyie wanandoa mnaotumia laptop moja? Hakuna ubaya, mkishakubaliana. Lakini ruhusa huombwa mchana, haiibwi usiku mwenzio kalala. Ukifikia kuchungulia, ujue tatizo haliko kwenye kompyuta tena. Zungumzeni.