Meddle: Askofu wa Jimbo Lisilo Lake



Likizo hii nikiwa nyumbani Kibaha, mdogo wangu wa kidato cha pili aliniuliza: "Kaka Frateri, meddle maana yake nini?" Nikamjibu upesi: kuingilia. Baadaye nikaona nimemdanganya nusu.

Meddle ni kujitia katika jambo lisilokuhusu, bila kuitwa. Husemwa meddle in kwa mambo ya watu, na meddle with kwa kitu cha mwenzako unachokichokonoa. Limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini miscere, kuchanganya. Siku zote ni lawama. Kuingilia kwetu si hivyo: anayeamua ugomvi ameingilia, na mmbea anayepekua ndoa ya jirani ameingilia pia. Yule wa kwanza Kiingereza humpa neno jingine, intervene, kuja katikati.

Mwaka jana nilikuwa kwenye uchungaji Kisarawe. Jumuiyani, baada ya rozari, mama mmoja alisimulia alivyomsikia jirani yake akipigwa usiku na mumewe, naye akabaki kitandani. "Mambo ya ndoa hayo, Frateri. Ningeingilia wangeniita kiherehere." Mwingine akadakia: pilipili usiyoila yakuwashiani? Wote wakanitazama. Nami nikanyamaza.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, 4:15, anamtaja mwenye kujiingiza pamoja na mwuaji na mwizi. Neno lake la Kigiriki ni allotriepiskopos: allotrios, cha mwingine, na episkopos, mwangalizi, ndilo lililotupatia "askofu". Yaani askofu wa jimbo lisilo lake! (Darasani tulicheka sana.) Kosa lake ni kutwaa mamlaka asiyopewa.

Sasa, jirani anayepiga hodi usiku ule ametwaa mamlaka gani? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Mume hana mamlaka hayo, kwa hiyo hakuna anayemnyang'anya. Kwenda asubuhi kuuliza waligombania nini, kisha kuipeleka habari bombani, hiyo ndiyo meddle.

Mdogo wangu nimeshamrekebishia. Yule mama wa Kisarawe bado. Nikirudi huko nitaanza kwa kumwomba radhi.