Siku Tatu Colorado: Safari Iliyotufanya Tuongee

Jamani, niseme ukweli wangu. Nilipokata tiketi ya Colorado sikuwa nakwenda kutalii. Nilikuwa nakwenda kuangalia kama bado nina ndoa.

Mume wangu alikuwa Denver kimasomo, mwezi wa 14 huo. Mimi niko Dar na kazi yangu ya benki. Mwanzoni tulikuwa tunapigiana simu mpaka usiku wa manane. Baadaye zikabaki zile za "Umekula?" "Nimekula." "Haya, usiku mwema." Wenye wapenzi wa mbali mnanielewa. Julai 2024 nikachukua likizo, nikaenda.

Ratiba ya bwana

Alinipokea uwanja wa ndege akiwa na karatasi mkononi. Siku tatu zimepangwa kwa saa! Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa mwaka 1915. Hoteli ya Stanley ya tangu 1909, ambako mwandishi Stephen King alilala mwaka 1974 akaondoka na wazo la riwaya yake ya The Shining. Kisha Glenwood Springs, kwenye bwawa kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini, lililofunguliwa mwaka 1888. Nikaitafuta saa ya kukaa tu tukaongea. Haikuwepo. Nikanyamaza.

Halafu sisi Watanzania tukisikia mlima tunakuwa na kiburi. Mlima mrefu kuliko yote Colorado, Mount Elbert, una mita kama 4,400. Hata Meru yetu inaupita, sembuse Kilimanjaro yenye mita 5,895. Nikamwambia, "Hivi si vilima tu, baba?" Nilisahau kwamba hiyo Meru yenyewe naijua kwa kuiangalia kupitia dirisha la basi.

"Bado kidogo tu"

Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mimi natokea Mikocheni. Kesho yake asubuhi, hata sijazoea, tukaingia Trail Ridge Road. Ni barabara ya lami ya kilomita 77 kutoka Estes Park hadi Grand Lake, na sehemu yake ya juu kabisa iko mita 3,713.

Kwa uzuri, si mchezo. Misonobari inazidi kuwa mifupi, inakoma kabisa, halafu mbele yako ni nyasi fupi, maua madogo madogo na mabaka ya theluji. Julai hiyo! Juu ya mawe wamelala marmoti wakiota jua, ungedhani ni pimbi walionenepa. Kwa mbali kundi la elk. Mfikirie tandala, ila pembe zake zina matawi kama mti.

Sasa mimi kichwa kinagonga. Nikamwambia. Akajibu, "Bado kidogo tu, tufike juu." Nikamwambia tena, jibu lile lile. Tulipofika juu nikafungua mlango, nikatapika pembeni ya maegesho, yeye kashika kamera.

Nikalia. Sikulia kwa sababu ya kichwa. Nililia kwa sababu ya lile "bado kidogo tu", maana ndilo jibu nililokuwa napewa kwenye simu kila nilipouliza anarudi lini.

Kumbe ule ni ugonjwa wa mwinuko. Kule juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Tiba ya kwanza ni kushuka. Tukashuka Estes Park, kwenye mita 2,300 hivi, na jioni kichwa kikapoa. Ila usiku ule hatukusemeshana.

Kwenye jiwe

Asubuhi akaitia ile karatasi kwenye droo. "Leo wewe ndo kiongozi. Ukisema turudi, tunarudi."

Tukaenda Bear Lake. Njia inapita kiziwa cha Nymph, kisha Dream Lake, halafu inaishia Emerald Lake, kama kilomita 3 kwenda. Tulitembea taratibu, tukinywa maji, watoto wa watu wakitupita. Pale Dream Lake nikakaa kwenye jiwe, naye akakaa.

Bila kuniangalia akasema amepewa kazi huku, ya miaka miwili. Alijua tangu Mei. Damu ikanipanda kichwani, ila sikuweza kugomba, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimepandishwa cheo tangu Aprili, na nilimficha nikiogopa atajua sitakubali kumfuata. Tukabaki tunatazama maji. Yaani wote wawili tulikuwa tunalindana kwa uongo.

Mara mawingu yakajaa nyuma ya mlima wa Hallett, radi ikaunguruma kwa mbali. Emerald Lake ilikuwa imebaki kama kilomita moja, na ndiyo picha aliyokuwa anaiota tangu Denver. Akaitazama njia, akanitazama mimi. "Tugeuze, mama." Sikuwa nimesema neno.

Siku ya tatu Glenwood hatukwenda. Tulikaa kando ya mto pale Estes Park na kalenda ya simu. Tukakubaliana: mwaka mmoja, si miwili, mimi nije Desemba, na tarehe ya kurudi iandikwe. Alirudi Agosti 2025. Sisemi ndoa imekuwa asali tupu, ila siku hizi mmoja akisema "kichwa kinaniuma", mwingine anasimamisha gari.

Nanyi mkipanga kwenda

• Laleni Denver usiku mmoja au miwili kwanza. Maji kwa wingi, pombe isubiri.

• Trail Ridge Road kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba, kutegemea theluji.

• Tangu mwaka 2020 hifadhi imekuwa ikitumia vibali vya muda wa kuingia katika miezi yenye wageni wengi. Angalieni utaratibu wa mwaka wenu kabla ya kukata tiketi.

• Anzeni kutembea alfajiri. Radi za mchana wa kiangazi ni za hatari, hasa pasipo na miti.

• Elk mkae naye mbali angalau mita 23. Dubu na moose mita 36. Msikanyage vile vimaua vya juu, vikifa huchukua miaka mingi kurudi.

• Bebeni koti, hata Julai. Na kama kuna jambo mnalificha, afadhali mlimalize kabla ya kupanda ndege.