MKONO HAUZALIWI NA UFUNDI
Mazoezi na vyombo kwa kijana atakaye kujua kuchora



Katika nyumba nyingi husikika maneno haya: "Huyu ana kipaji cha kuchora, na yule hana." Neno hutamkwa kwa wepesi, na huenda aliyelitamka akalisahau kabla ya jua kutua, lakini mtoto aliyeambiwa hana kipaji hulibeba. Huiweka penseli chini, na miaka kumi baadaye, akiwa fundi seremala au mshonaji, huzunguka akitafuta mtu wa kumchorea nakshi ambayo mikono yake mwenyewe yaweza kuichonga au kuitarizi. Nusu ya ufundi wake imo mkononi mwa mwingine.

Sisi tusomeshao chuoni twajua kuwa mambo hayako hivyo. Mtoto aletwapo hajui alifu wala be, na hapana mzazi asemaye kuwa mwanawe hana kipaji cha alifu. Hupewa ubao, akaandika, akafuta, akaandika tena, hata mkono ukatii. Basi kuchora nako ni vivyo hivyo. Vipaji hupishana, hilo halina shaka. Ama jicho la kupima na mkono mtulivu hupatikana kwa mazoezi.

Wanazuoni wana maneno yao juu ya picha za viumbe wenye roho, nasi hatuyaingii hapa. Mazoezi tuyatajayo ni ya mistari, maumbo, vyombo vya nyumbani na herufi, na uwanja huo watosha umri mzima.

VYOMBO

Visimtishe mtu. Penseli mbili, karatasi, raba, rula na bikari vyatosha. Penseli zina alama zake: H ni ngumu na mstari wake ni hafifu, B ni laini na nyeusi, HB i baina yao. Asili ya tofauti hiyo ni kazi ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, ambaye mwaka 1795 alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi akauoka. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Chukua HB ya kupimia na 2B ya kutilia vivuli. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja zafaa sana, kwani kijana hataogopa kuziharibu.

Kwa herufi, yatakiwa kalamu ya tete iliyokaushwa, ikachongwa kwa kisu kikali, ncha ikakatwa mshazari na kupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke. Wino wa zamani ni masizi, gundi ya mti na maji. Tia kipande cha hariri ndani ya kidau, kalamu isibebe wino kupita kiasi.

ZOEZI LA KWANZA: MSTARI

Weka nukta mbili, umbali wa shibiri moja, kisha ziunganishe bila rula. Usiufuate mkono kwa macho. Tazama nukta ya pili, ndiko uendako. Wala usichore kwa vidole peke yake, bali uache mkono mzima utembee kutoka begani. Chora mistari 20 ya kulala, 20 ya kusimama na 20 ya mshazari. Siku ya kwanza itapinda kama njia ya kondeni. Endelea tu.

ZOEZI LA PILI: KUPIMA KWA JICHO

Weka dele la kahawa mbele yako. Nyosha mkono wote, fumba jicho moja, na upime kwa penseli upana wa tumbo la dele, ukiweka alama kwa kidole gumba. Kisha tazama upana huo waingia mara ngapi katika kimo chake. Andika vipimo hivyo kwanza, ndipo uchore. Makosa mengi ya wanafunzi hutokana na kuchora walijualo badala ya walionalo: wajua mdomo wa kikombe ni mviringo, basi huuchora duara kamili, ilhali atazamaye kwa ubavu huuona umebanwa.

Dawa nyingine ya maradhi hayo ni kiti. Usichore miguu yake. Chora nafasi zilizo wazi baina ya miguu. Ukizipata sawasawa, utaona kiti kimesimama chenyewe.

ZOEZI LA TATU: BIKARI

Chora duara. Usibadili upana wa bikari. Weka ncha yake popote juu ya ukingo wa duara, ukachore tao lipitalo kati, toka ukingo hadi ukingo. Sogeza ncha mpaka pale tao lilipokata ukingo, ukachore jingine. Ukifanya hivyo mara sita utarejea ulipoanzia, na ua la petali sita litakuwa limefunguka ndani ya duara. Siri yake ni kuwa nusu kipenyo cha duara ni sawa na ubavu wa umbo la pembe sita lililomo ndani yake.

Elimu hii ina wazee wake. Abul Wafa al-Buzjani, mwanahesabu wa Baghdad aliyezaliwa mwaka 940, aliandika kitabu juu ya maumbo wanayoyahitaji mafundi, na humo akaonyesha namna ya kuyachora mengine kwa upana mmoja tu wa bikari. Tazama milango ya nakshi ya Unguja na ya Lamu: penye ua lililorudiwa kwa vipimo sawa, mchoro ulitangulia patasi. Hata mpaka hina mzuri huigawa nafasi kwa macho kabla ya kuijaza.

ZOEZI LA NNE: VIVULI

Chora vyumba vitano vilivyopangana. Cha kwanza kiache cheupe, cha mwisho kiwe cheusi kwa kadiri penseli iwezavyo, na vitatu vya kati vipande ngazi kwa ngazi. Kisha weka yai juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, uzitafute ngazi zile juu ya yai. Giza zaidi huwa pale yai linapogusa kitambaa.

ZOEZI LA TANO: NUKTA YA KALAMU

Ibn Muqla, waziri wa makhalifa wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye ajulikanaye kwa kuziwekea herufi vipimo. Kipimo chake ni nukta iachwayo na ncha ya kalamu. Panga nukta saba, moja juu ya moja, na hicho ndicho kimo cha alifu katika khati ya thuluthi. Katika naskhi ni tano. Andika alifu kando ya nukta zako, kisha be, kila siku ukurasa mmoja. Husimuliwa kwamba Ibn Muqla alipokatwa mkono wa kulia katika fitina za utawala, aliifunga kalamu kwenye kigasha akaandika. Kipimo kilikuwa kimeshaingia moyoni.

Nako katika Istanbul, wanafunzi wa khati walianza kwa kuandika dua fupi ya kuomba wepesi, wakiirudia siku nyingi, na hapana aliyetia jina lake chini ya kazi kabla ya kupewa ijaza na mwalimu wake.

RATIBA NA NENO KWA WAZAZI

Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za siku moja. Anza na mistari kwa dakika tano, kisha chagua zoezi moja la siku hiyo. Andika tarehe kwenye kila karatasi wala usitupe hata moja. Baada ya siku 40, iweke ya kwanza kando ya ya mwisho, uache macho yahukumu.

Nanyi wazazi, mtoto aletapo karatasi yake, msimwambie "vizuri" wala "vibaya" mkaishia hapo. Mwulizeni: "Mstari gani umekushinda?" Naye atawaonyesha, na hapo ndipo somo la kesho lilipo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kikijaa, huenda kikawa riziki ya nyumba.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.