Kahawa Chungu Si Kahawa Iliyoungua

Bia nyeusi ya Ayalandi, iitwayo stauti, hupata weusi wake kwa shayiri iliyokaangwa sana, na mwonjaji huihukumu kwa jambo hili: je, uchungu ni wa kukaangwa au ni wa kuungua? Sisi wa Tanga, kama ndugu zetu wa Unguja na Pemba, swali hilo tunakutana nalo barazani kila jioni, ndani ya dele.

Buni iliyokaangwa ipasavyo hutoa kahawa chungu mdomoni, lakini ikishamezwa huacha kooni harufu njema na utamu wa mbali. Iliyoungua huacha majivu. Tangawizi, hata ikizidishwa, haimdanganyi mnywaji mzoefu. Na mwenye buni mbovu hupenda moto mkali, kwani ikishakuwa mkaa, nani ataitambua?

Mjini Moshi waonjaji huifyonza kahawa kijikoni kwa sauti, huitema, kisha huipa daraja kabla ya mnada. Mnunuzi wa ng’ambo ameonjewa. Mnywaji wa Ngamiani au Pangani hujionjea mwenyewe, akiwa ameshalipa. Tunawaomba maafisa biashara na mabwana afya wasiishie kwenye leseni na usafi wa vikombe. Waketi barazani, waonje.